Punda wa Muhamadi Ahukumiwa kwa Uhaini

Muhamadi alipomleta yule punda kutoka Tanganyika, watu wa Gisenyi walicheka wee hadi wakachoka. Yeye hakujali. Alikuwa mchukuzi tangu ujana, akipandisha chumvi na vitambaa Kanzenze, akiteremsha viazi, mpaka nyonga ikamkatalia. Daktari alimwambia wazi: ukibeba tena, mguu huo basi. Punda ndiye aliyekuwa mguu wake sasa.

Mnyama mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi. Kuku walipanda mgongoni mwake wakajidonolea kupe. Lakini mwaka ule wa hamsini na nne, sikukuu ya Wabelgiji ilipokaribia, uzalendo uliwapanda watu kichwani. Uzalendo wa nchi ya nani, usiniulize mimi. Asubuhi moja tarumbeta ya kupandisha bendera ikalia, na punda naye akalia. Mbarushimana, karani wa soko, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Iko anatukana bendera! Hii nyama imetoka kwa Waingereza. Muangalie masikio yake! Iko espion, mupelelezi!"

Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa na ushahidi. Drocella, muuza samaki, aliapa kwamba kila siku humwona punda akisimama karibu na ofisi ya Wabelgiji, akisikiliza mambo ya leta, yaani ya serikali. Wanaume ambao Mbelgiji hakuwahi kuwapa hata kikombe cha chai wakawa tayari kuifia Ubelgiji.

Muhamadi aliingiwa na hofu, akamwendea Faradji, fundi cherehani.

"Ng'ombe za chefu wa inchi zinavalishwa shanga kwa paji, zinapita mbele ya wakubwa, watu wanapiga makofi," alisema. "Donc mi pia nitamupamba wangu. Wataona iko raia muzuri."

Faradji alitikisa kichwa, lakini akashona: kitambaa cheusi, cha njano na chekundu kama bendera ya Wabelgiji, na shanga juu yake.

Siku ya sikukuu Muhamadi alivaa kanzu yake ya Idi, akampitisha punda mbele ya jukwaa akichechemea kwa fahari, maskini. Hakuna aliyepiga makofi. Mzungu mmoja akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

"Bendera kwa uso ya punda!" Mbarushimana alipiga kelele, na umati ukaunguruma naye.

Muhamadi akatiwa ndani. Punda akapigwa risasi kando ya barabara ya Nengo. Hakukimbia, alimfuata askari kwa utiifu, kama alivyozoea kumfuata kila mtu.

Muhamadi alipoachiliwa, viazi vilikuwa vikimngoja huko juu Nyakiriba, na mkewe Saidati hakuwa na cha kupika. Akajitwisha gunia. Katikati ya mteremko nyonga ikamwangusha. Mbarushimana alikuwa akipita, akavua kofia.

"Bon, mzee. Sasa inchi iko na amani."

"Ndiyo, bwana karani," alisema Muhamadi kutoka chini. "Nisaidie kusimama."

"Mi iko na haraka, mzee. Omba mutu mwingine."

Muhamadi akatazama barabara, juu na chini. Hapakuwa na mtu mwingine.