Siku Tulibadilisha Demareri ya Kamyo

Bibi alikuwa ameshafunga mufuko wake. Alisema kesho Ijumaa, akimaliza kuswali, anaenda Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, kwa mudogo wake, kwa sababu yeye hawezi tena kungojea vita karibu na gari ya kusukumwa.

Alikuwa na haki. Wakati wa volkano, asubuhi ile walisema watu wote watoke, kamyo ya papa, ile lori yake, ilikataa kuwaka. Sisi siku zote tulikuwa tunaiwasha kwa kusukumwa na majirani, lakini majirani walikuwa tayari kwenye barabara ya Sake, kila mutu na godoro yake. Tulibaki watatu: papa, mimi na bibi, mama yake papa, mwenye hana tena magoti ya kutembea. Tulimupandisha juu ya tshukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, tukaisukuma juu ya mawe, yeye amekaa kwenye mbao kama muzigo wa makaa. Hakusahau. Sasa mabomu yalikuwa yanasikika upande wa Kibumba, na kila yakilia bibi alikuwa anaangalia kamyo.

Mimi sikutaka aende. Bila bibi, papa anaongea na injini tu. Kwa hiyo siku hiyo ya Alhamisi, papa alipoleta demareri ya okazyo, yenye imeshatumika, ile mota ndogo yenye kuamusha injini, nilimuambia tuifunge leo leo, tusingoje fundi mekanisie wa kesho.

“Mama, polepole,” papa alisema. Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la bibi.

Alifungua batri, mimi nikaingia chini na kartoni ya kulalia. Parseli yetu, kiwanja cha nyumba hapa Majengo, ni mawe ya volkano ya zamani, kartoni haisaidii kitu. Bulo mbili, zile bolti zenye kushika demareri, zilitoka haraka. Ya tatu ilikuwa juu, haionekani, unaitafuta na vidole. Nilivuta kle, ile spana, mpaka ngozi ya vidole ikatoka.

“Usipigane nayo,” papa alisema. “Iombe.”

“Nimeiomba Kiswahili na Kifaransa.”

Alinipatia kipande cha bomba, nikakiingiza kwenye kle ili iwe ndefu, na bulo ikakubali. Demareri ya zamani ilishuka juu ya kifua changu, nzito sana. Ile ingine niliishikilia na magoti wakati papa anafunga. Saa ya alasiri ilikuwa imefika, na batri imerudishwa.

Papa alichukua maji ya kutawadha, aende kuswali. “Ningoje, tutajaribu pamoja.”

Nilingoja kidogo. Halafu nikapanda, nikageuza ufunguo.

Kitu chenye sikufikiri ni hiki. Kwetu kamyo inalala ikiangalia barabara, jiwe chini ya gurudumu, na iko ndani ya vitesi ya pili, ni kusema gia imeshaingizwa. Mutu anatoa jiwe, wengine wanasukuma, injini inashika. Miaka miwili hakuna mutu alitoa ile vitesi, na ufunguo ulikuwa unafanya “tak” tu. Sasa demareri ilikuwa na nguvu. Kamyo iliruka, ikapita juu ya jiwe, ikapinda, ikaingia kwenye mbao za bafu ya pembeni. Nilikanyaga freni, ikazimika. Mbao tatu zilikuwa chini, na asante Mungu hakukuwa mutu ndani.

Papa alikuja na mikono yenye maji. Aliangalia bafu, akaniangalia mimi.

“Demareri iko muzima,” alisema.

Majirani wanne waliingia mbio, mikono ya shati imeshakunjwa. “Tusukume upande gani?”

“Leo hapana,” papa alisema.

“Basi mumetufukuza kazi.”

Bibi hakuwa ametoka kwenye kiti chake. “Majina,” aliniita, kwa sababu tuko na jina moja, “ile haikuwaka. Iliruka.”

Nilitoa vitesi, nikageuza tena. Ikawaka mara moja.

“Zima,” bibi alisema. Nikazima. “Washa.” Tulifanya vile mara tano, mpaka papa akasema batri itachoka.

“Ichoke leo,” bibi alisema. “Na kama nyinyi wote hamuko, nani atawasha?”

“Hata wewe bibi,” nilisema.

Alinyoosha mikono. Mimi na papa tulimubeba, tukamukalisha kwenye kiti cha shofere. Akageuza ufunguo yeye mwenyewe, na alipoona taa ndogo inawaka mbele yake akageuza zaidi, na injini ikashika. Hakucheka. Alikaa anasikiliza, mukono juu ya usukani, halafu akaniomba nipige simu Gisenyi.

“Sikuji,” alimuambia mudogo wake. “Sikiliza.” Akapeleka simu karibu na dirisha, upande wa injini.

Nilisikia mudogo wake anauliza ni kelele gani hiyo.

“Ni mimi,” bibi alisema. “Ni mimi nimewasha.”