Uchungu wa Kuigiza

Mackrine wa Ihanda alikuwa na pua isiyokauka. Tangu utotoni kwao Bweranyange, mafua yalimshika, yakapungua, yakarudi. Alipoolewa na Cassian, mkulima wa kahawa na migomba, alikuwa ameshazoea kukaa mwisho wa benchi kanisani, leso ameificha ndani ya mkono wa blauzi. Alijua watu wanamsikia akivuta kamasi, na alijua wanajifanya hawasikii.

Tatizo la pili lilijitokeza alipokuwa mke wa mtu. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mama mkwe wake, Kokuberwa, alipata wageni kutoka Kyerwa, na Mackrine akapewa kazi ya kupika mnavu, mboga ya majani yenye uchungu. Aliuchemsha, akauonja, akauona uko sawa, akautia karanga bila kumwaga maji ya kwanza yanayotoa uchungu. Wageni waligusa mboga kwa kipande kimoja cha ndizi, kisha mikono yote ikahamia kwenye maharage. Walipoondoka, Kokuberwa aliimwaga sufuria nzima shambani, akasema akiwa amempa mkwewe mgongo, "Anayepika hivi ama hana ulimi, ama hana moyo."

Mackrine alilamba mwiko. Hakuona kosa lolote.

Tangu hapo alipika kwa woga. Mboga za majani alizimwagia maji mara mbili, mara tatu, mpaka zikapoteza rangi. Kabla ya kupakua alimwita Cassian aonje kwa kisingizio cha chumvi, kisha akamtazama usoni badala ya kusikiliza jibu. Lakini lile neno la Kokuberwa lilikuwa limeshatembea. Huko Kyerwa, kwenye harusi ya ndugu zao, Mackrine alisikia wanawake wakinong'ona kuwa mke wa Cassian aliwahi kuwalisha wageni uchungu kwa makusudi. Hakujitetea. Angejitetea kwa lipi, wakati hata yeye hakujua alichokosea?

Mwaka huu watafiti walikuja kwenye zahanati kuwapima watu wazima uwezo wa kuonja, wenye matatizo ya pua na wasio nayo. Mackrine alikwenda na Kokuberwa, ambaye siku hizi magoti yanamsumbua na anahitaji mtu wa kutembea naye. Nesi wa watafiti, binti aliyeitwa Vestina, alikuwa amekaa barazani akimpa kila mtu vikaratasi vya kuweka ulimini, kimoja baada ya kingine.

Kokuberwa alikiweka cha kwanza, akakitema papo hapo, akafuta ulimi kwa pindo la kanga. "Nesi, umenipa nyongo?" Watu wakacheka. Aliyefuata naye alitema.

Ikafika zamu ya Mackrine. Alikisikia kikaratasi kama karatasi ya daftari, basi. Akainua macho, akakuta mama mkwe wake anamtazama. Akakunja uso, akatema.

"Chungu," alisema. "Chungu sana."

Vestina akampa kikaratasi cha pili. Mackrine alikunja uso zaidi ya mwanzo, akashika na shavu. "Hiki ndicho kimezidi."

Nesi aliandika jibu, akainuka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, naomba tuzungumze ndani."

Mlango ulipofungwa, Vestina alimwambia, "Kikaratasi cha pili hakikuwa na kitu. Tunampa kila mtu, ndivyo kipimo kilivyo."

Masikio ya Mackrine yalipata moto. Alitamani awe mahali pengine popote.

"Hata cha kwanza sikukisikia," alisema hatimaye.

"Kwa nini hukusema?"

"Mama mkwe alikuwa ananiangalia."

Machozi yakaja, na pua nayo ikaanza. Ikabidi ajifute mbele ya binti wa watu, leso yenyewe imeshalowa.

Vestina hakugeuza uso. Alimuuliza pua hiyo ilianza lini, akasikiliza, kisha akamweleza. "Ulimini kuna vipokezi vinavyotambua uchungu. Vipo pia puani. Bakteria wengine wakiingia hutoa kemikali ambazo vipokezi hivyo huzitambua, na pua hujisafisha na kujilinda. Kuna watu wamezaliwa na kipokezi kimoja kisichofanya kazi vizuri. Huenda wewe ni mmoja wao. Tunachunguza kama kikaratasi hiki kinaweza kutuonyesha nani yuko kwenye hatari ya kuugua pua mara kwa mara, na kama dawa inaweza kuamsha vipokezi vingine."

"Dawa hiyo ipo?"

"Bado, mama. Sitaki kukudanganya. Kwa sasa osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na nitakuandikia umwone daktari wa pua."

Neno "kukudanganya" lilimchoma. Watu hawa walikuwa wanatafuta dawa ya watu kama yeye, naye karibu awaachie uongo. Aliomba apimwe upya. Safari hii, kwa kila kikaratasi, alijibu, "Sisikii kitu."

Njiani Kokuberwa aliuliza kwa nini aliitwa ndani. Mackrine alimweleza yote, hata kukunja uso kwa uongo. Mwanamke mzee alisimama, akaifunga upya kanga ambayo haikuwa imelegea.

"Kwa hiyo ule mnavu..."

"Sikujua, mama."

"Na mimi lile neno nililisema mpaka Kyerwa."

"Najua, mama. Nililisikia harusini."

Walitembea kati ya migomba, kila mmoja akiangalia upande wake. Nyumbani Cassian aliuliza wamepimwa nini, na kila mmoja alingoja mwenzake ajibu. Mwishowe Kokuberwa aliketi, akaanza kumsimulia mwanawe, polepole, bila kuacha sehemu yake.

Mackrine alishindwa kukaa asikilize. Alikwenda jikoni, akabandika maji ya kuoshea pua, akasubiri yachemke.