Koti Jekundu Mnadani

Kituo ninachofanyia kazi huku ughaibuni, Lewisham, hutunza wagonjwa wasiopona, na mwaka jana kilichangisha fedha kwa kunadi vifaa vilivyotumika vya kuteleza kwenye theluji. Sijawahi kuteleza, wala sina hamu. Nilikwenda kwa sababu mnada naujua: kanisani kwetu Moshi, ukinunua kuku unaweza kumrudishia aliyemtoa, iwe zawadi, na watu wote hupiga vigelegele.

Likanadiwa koti jekundu la kiume, la kutelezea. Aliyelitoa, mama mmoja Mwingereza, alikaa mstari wa mbele, mikono magotini. Mume wake alifia kituoni kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Nikapandisha bei mpaka wanunuzi wengine wakaniachia, nikalichukua koti, nikamwekea yule mama mapajani.

Hakuna aliyepiga makofi.

“Imenichukua miaka mitatu kulitoa nyumbani,” akaniambia taratibu.

Aibu ikanishika. Nikamwomba radhi, nikanyoosha mkono nilichukue. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kufunga zipu ya koti pale mapajani, polepole, mpaka shingoni, kama anavyofungiwa mtu anayetoka kwenda kwenye baridi.