Bastola Niliyoipiga Tupa

Siku ile ilianza kwa kusaga mahindi, kama siku nyingine zote. Mimi nilikuwa nimeinama nikikaza mkanda wa mashine, na mdogo wangu Gaudensi alikuwa mlangoni akitaniana na akina mama waliopanga foleni na ndoo zao. Tulikuwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, mwaka wa pili tangu tutoke kwetu Maguu. Tajiri mmoja alituita huko kwa sababu alisikia mimi ni fundi. Ufundi wangu ulikuwa mashine za kumenyea kahawa, zile za kuzungusha kwa mkono, lakini nilimwambia chuma ni chuma, nitaweza. Maneno hayo nayachukia mpaka leo.

Karibu na adhuhuri tajiri mwenyewe akaja. Vijiji vya jirani vilikuwa vimeanza kuchomwa na watu wenye bunduki, na kila mtu alijua wanasogea. Hakuja kutuambia tuondoke. Alikuja na bastola iliyofungwa kwenye kitambaa, akamkabidhi Gaudensi, kwa kuwa alijua amewahi kuwa mgambo kwetu.

"Utalinda mashine," alisema. "Ila inakwamakwama. Kaka yako ni fundi, aitazame."

Akatupa risasi saba. Gaudensi akaomba tujaribu walau moja.

"Hakuna kujaribu. Risasi si karanga."

Jioni yake alipakia familia yake kwenye gari akaenda mjini. Sisi akatuachia mashine yake. Nikikumbuka vumbi la gari lile, natema mate chini.

Kesho yake nilikaa kwenye kizingiti cha chumba chetu nikaifungua ile bastola. Ndani kuna kijiteremko kidogo ambacho risasi hupandia kuingia kwenye mtutu. Nikaona kina mikwaruzo, nikaridhika kwamba ugonjwa nimeupata. Kwetu mashine ya kahawa ikikwama, fundi hana maswali. Analaza kwa tupa ule mdomo unaopitisha tunda, anausugua kwa msasa na majivu, mpaka tunda linateleza lenyewe. Baba alifanya hivyo, na mimi nimewafanyia hivyo nusu ya watu wa Maguu.

Basi nikaulaza mteremko ule kwa tupa, nikaupunguza mwinuko wake. Nikasugua kwa msasa na majivu, nikatazama, nikasugua tena. Gaudensi alikaa pembeni akimenya karanga.

"Kaka, mteremko unang'aa kama kikombe cha padri," alisema.

Nikapitisha risasi kwa mkono, polepole, moja baada ya nyingine. Zote saba ziliingia. Nilijisifu, tena kwa sauti. Nikamwambia sasa hata akiwa amefumba macho itamtii.

Walikuja siku ya nne, alasiri, foleni ikiwa bado ndefu.

Tulisikia mlio mmoja sokoni, kisha mingi. Akina mama wakakimbilia ndani ya chumba cha mashine. Nikazima injini.

Gaudensi alisimama mlangoni. Hakujificha. Nasema hili kwa sababu nilikuwa hatua tatu nyuma yake na nilimwona.

Wawili walikuwa wanakuja moja kwa moja kwetu.

Akafyatua. Mmoja akaanguka.

Akavuta triga tena. Kimya.

Akavuta tena. Akakirudisha chuma cha juu kwa kiganja, kikagoma katikati. Akavuta mara ya tatu.

"Kaka, imekwama."

Alisema taratibu, kama mtu anayeniomba spana.

Yule wa pili akampiga risasi kifuani.

Akina mama walivunja mlango wa nyuma, nikatoka nao kupitia mahindini. Nilitembea siku mbili mpaka mtoni. Baadaye nilipata habari kwamba waliorudi kijijini walimzika palepale nyuma ya mashine.

Nilipofika Maguu, simu ya tajiri ilikuwa imenitangulia. Aliwaambia ndugu kwamba alimpa Gaudensi silaha nzuri, ila kijana alishikwa na woga, akashindwa kuitumia. Maneno hayo yalizunguka matanga yote. Wajomba waliyanong'ona, na Skolastika, mke wa marehemu, aliyasikia akiwa amekaa chini kwenye mkeka. Mimi nilikuwepo. Nilijua ni uongo. Nikanyamaza, maana kumsafisha mdogo wangu kulihitaji nieleze kilichokwamisha ile bastola, na hapo hapo ningeitaja tupa yangu.

Miaka ikapita hivyo. Kisha nilipokuwa namuuguza mama hospitalini Litembo, nilikaa benchi moja na mwanajeshi mstaafu. Nikamuuliza kuhusu bastola iliyolazwa mteremko wake kwa tupa, kana kwamba naulizia habari ya mtu mwingine. Hakufikiri hata kidogo.

"Pale panang'arishwa tu, hapakatwi. Ukiulaza mteremko, risasi inagonga kwa pua, inakwama. Kwa mkono polepole itapita. Bastola ikifyatuka kwa kasi, haipiti."

Namlaani tajiri yule kila siku ya Mungu, kwa bastola yake mbovu, kwa gari lake, kwa mdomo wake. Lakini tupa haikuwa mkononi mwake.

Msimu huu wa kahawa Skolastika aliniita. Mashine yake ilikuwa inakwama. Aliniamkia shikamoo kama kawaida, akaniletea kigoda. Nilitoa tupa, nikaiweka juu ya ule mdomo, na mkono ukakataa.

"Shemeji," nilisema, "Gaudensi hakuogopa."

Nikamweleza yote, mteremko, majivu, kikombe cha padri. Alikuwa anachambua matunda mabichi kwenye beseni. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo alivuta?"

"Alivuta, shemeji. Ya kwanza ikatoka. Baada ya hapo alivuta mara tatu na haikutoka."

Akalisukuma beseni pembeni.

"Miaka yote hii nimemkasirikia yeye," alisema. "Niliiondoa hata picha yake. Na wewe ulikuwa unaingia humu, unakula ugali wangu."

Akanyoosha kidole kuelekea kwenye mashine.

"Maliza mashine. Kahawa itachacha."

Nikamaliza. Jumapili iliyofuata nilipita kwake baada ya misa. Picha ya Gaudensi ilikuwa imerudi ukutani, kioo kimefutwa. Skolastika alinitazama, akaendelea kugeuza kahawa kichanjani. Shikamoo yake sijaipata tangu siku ile, na sithubutu kuidai.