Dirisha la Dharura

Dada anayetuandikia programu kwenye chumba cha simu za magari ya wagonjwa hawezi kufanya kazi kimya. Vidole vikikimbia kwenye kibodi, mdomo nao haubaki nyuma: "Wewe funguka. Wewe sogea kushoto. Wewe jikunje, umetanda mno!" Anasema na madirisha ya kwenye kompyuta kama shangazi anayepanga watoto wapigwe picha. Amri ikikubali, huipiga meza kofi moja la furaha. Ikigoma, huvua miwani na kuifuta kwa pindo la blauzi, hata kama ni safi. Wiki iliyopita dirisha la dharura, lile linaloonyesha simu ya mgonjwa inapoingia, lilifunguka nyuma ya mengine, na mama mwenye uchungu akasubiri dakika sita bila sisi kujua. Alijifungulia mlangoni kwake, salama salimini, lakini dada huyu hakula siku hiyo. Tangu hapo alikuwa na amri moja tu, ya kulileta dirisha hilo mbele: anaiandika, anaifuta, anaiandika tena. Leo asubuhi mpokea simu alikuwa amefungua madirisha tisa, mara simu ikaingia. Lile la dharura likaruka mbele ya yote, jekundu, likakaa hapo hapo. "Limekuja!" mpokea simu akapiga kelele. "Limekuja lenyewe, dada!" Chumba kizima tuliinuka tukishangilia, wengine wakakumbatiana. Dada mwenyewe alisimama nyuma ya kiti cha mpokea simu, macho yakimng'aa. "Shangwe baadaye, mwenzangu," alisema. "Pokea simu, kuna mtu anangoja."