Usukani wa Kigari cha Waya

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, na siku ile alipitia kwetu Ilula akielekea Mbeya kwa bibi. Likizo ndiyo imeanza, mbele kuna nafasi moja, na sisi tuko wawili, mimi na kaka yangu. Mjomba akacheka. "Leteni vigari vyenu vya waya. Mpaka kibanda cha wauza nyanya na kurudi. Anayejua kuendesha ndiye atakayekaa na dereva."

Jamani! Mbeya sikuwahi kuiona hata ndotoni.

Vigari tulivisuka wenyewe, magurudumu ya ndala zilizochakaa. Usukani ulikuwa waya mrefu unaofika kifuani. Chini umepindwa kama kiwiko, umeshika magurudumu ya mbele. Kiwiko kikiwa kirefu, ukigusa tu, kigari kinageuka chote. Kikiwa kifupi, utazungusha weee, na kigari kinapinda taratibu. Watoto wote walitaka kirefu, kwa maringo. Hata mimi! Ukitembea, raha tupu. Lakini nilipojaribu kukimbia, mikono ikatikisika, kigari kikayumba na kulala chali. Nikarudia, chali tena.

Nikaazima koleo kwa mjomba, nikakifupisha kiwiko changu. Kaka akashika mbavu kwa kicheko.

"We mtoto, huo usukani au mwiko wa ugali?"

"Subiri uone," nikamjibu.

Tukatoka mbio. Kaka ana miguu mirefu, akaniacha mbali, akageuza kibandani wa kwanza. Wakati wa kurudi kuna kona kali kando ya mfereji. Akaingia na mbio zake zote, akagusa usukani kidogo tu, na haki ya Mungu, kigari kikarukia majini! Mimi nazungusha, nazungusha, mikono inauma, na changu kinafuata njia kama ng'ombe anayelijua zizi. Nikampita! Nilipiga kelele mpaka wauza nyanya wakasimama kutazama.

"Panda, dereva," mjomba akasema.

Nikapanda nikicheka peke yangu. Ningemhurumia kaka? Thubutu! Injini ikaunguruma, kiti kikatetemeka chini yangu, nami nikaona raha isiyo kifani.

Kaka akaja dirishani, machozi hayajakauka. Nilidhani anakuja kunitukana. Akainua kigari chake kinachochuruzika maji.

"Na changu kifupishe, dada," akasema. "Kama chako."

Nikamwomba mjomba azime injini, anipe na koleo.