Nyumba Moja, Kiti Kimoja

Mwisho wa kitabu changu niliuandika mapema, kabla sijamwona hata mtoto mmoja akijipindua hewani. Wasichana wawili wanapanda ndege kwenda mashindanoni Kinshasa, wameshikana mikono. Mimi huandikia watoto, na niliamini watoto hupenda watu washikane mikono. Ilibaki kazi ndogo tu ya kwenda kuangalia jinsi jimnastiki inavyofanyika, nisije nikaandika upuuzi.

Nikaenda katika ukumbi mmoja wa parokia hapa mtaani kwetu, Makiso. Mwalimu alikuwa mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni na sauti ya upole. Ile sauti ndiyo iliyonichelewesha kumchukia. Vifaa vyake vilikuwa kreti za bia zilizopangwa juu kwa juu, na godoro moja la sponji lililokwisha nguvu. Kwa kuwa godoro halikufaa kitu, wasichana walidakana wenyewe. Mmoja anapanda kreti, anajirusha kinyumenyume, na wawili waliosimama chini, huku na huku, wanampokea mikononi. Mara ya kwanza moyo uliniruka, kisha nikafurahi: sura yangu ya urafiki ilikuwa imepatikana bila jasho.

Aliyejirusha vizuri kuliko wote alikuwa binti wa muuza samaki kutoka upande wa wavuvi Wagenia, mwembamba, mwenye maringo. Mdakaji wake alikuwa binti wa shangazi yake. Walikaa nyumba moja, walikula lituma, ndizi za kupondwa, sahani moja, na jioni walirudi kwa toleka moja, wamebanana nyuma ya baiskeli. Mama muuza samaki hakuupenda mchezo huo hata kidogo. Alikuwa ameshasema kwamba upuuzi wa kwanza atakaousikia, mtoto anarudi kuuza samaki.

Siku moja, mazoezi yakiisha, mwalimu akatangaza kwamba kikundi kitakwenda mashindanoni Kinshasa, ila nafasi za ndege ni chache. Kisha akawatazama wale wawili, akatabasamu.

"Bon, nyumba moja, kiti moja. Sitaki wazazi wengine waseme napendelea. Nyinyi wawili mutajua wenyewe nani atabakia."

Angeweza kuchagua mwenyewe, maana alijua wazi nani bora. Alitaka kuona watafanyana nini. Sina ushahidi, lakini hakuna atakayenibadilisha mawazo.

Kesho yake nilikaa karibu na godoro. Binti wa muuza samaki akapanda kreti, akatugeuzia mgongo. Hakugeuka kuhakikisha kama wadakaji wapo, hakuwahi kuhitaji. Akajirusha. Mdakaji wa kulia akanyoosha mikono. Binamu akarudisha yake kifuani. Usiniambie alishtuka, kwa sababu uso wake niliuona, na ulikuwa umetulia kama wa mtu anayengoja chakula. Mwenzake akaangukia mkono, na mfupa niliusikia.

Hakulia. Alimtazama binamu yake, na binamu akaitazama filimbi ya mwalimu. Mwalimu akaufunga mkono kwa kitambaa.

"Haiko kitu," akasema. "Mwenye anaogopa maumivu, aende kuuzisha ndizi."

Mama mtu akaitwa. Alifika na beseni lake la samaki, akauliza imekuwaje. Mimi sikungoja aulize mara ya pili. Nikamwambia kwamba binamu aliondoa mikono kwa makusudi, na kwamba mwalimu ndiye aliyewagombanisha. Mama akamgeukia bintiye.

"Mama, usimusikie," mtoto akasema, mkono umeshavimba. "Niliteleza. Huyu mama, kazi yake ni kutunga bongo mu mabuku."

Wenzake wakacheka. Mwalimu naye akacheka, kwa upole wake uleule. Mama akanipima toka kichwani hadi viatuni.

"Mama, andika watoto wako," akaniambia. "Wetu utuachie."

Niliumia kuliko nilivyodhani mtoto wa umri ule angeweza kuniumiza. Bongo kwao ni uongo: alikuwa ameniita mwongo mbele ya watu ili asitolewe mahali palipomvunja mkono, na nilimwelewa, na kumwelewa hakukunipunguzia kitu. Njia nzima nilimtukana mwalimu moyoni na, Mungu anisamehe, nilimtukana mtoto pia.

Mkono haukuwahi kupona kabla ya safari. Binamu ndiye aliyepanda ndege. Nilisikia kwamba mzigo wake ulibebwa mpaka kwenye gari na yule yule aliyemwacha aanguke, binti wa muuza samaki, kwa mkono mmoja uliobaki mzima.

Baadaye alikuja nyumbani kwangu, mkono umening'inizwa shingoni, akakaa kwenye kibaraza bila kukaribishwa. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Nikampa karanga.

"Tantine," akasema, "mu buku yako, nani anaenda Kinshasa?"

"Wewe," nikajibu. "Wewe na binamu yako, pamoja."

"Na yeye ananidaka?"

"Anakudaka kila mara."

Alitafuna polepole, akilifikiria jambo hilo kwa haki.

"Donc ni bongo kweli," akasema. Kisha akainuka, akaomba karanga nyingine za njiani.